Jina la Marehemu

Kila asubuhi, kabla hajatia mahindi kwenye kinu cha mkono, mama mdogo Rubiela alisali litania nzima ya Bikira bila kitabu, akikunja kidole kimoja kwa kila sifa. Hakukosea hata moja. Akimaliza alianza upya, haraka zaidi, kama mtu anayerudi kukagua mlango alioufunga mwenyewe.

Alikuwa na miaka arobaini na mitatu. Mama yake, yaani bibi yangu, alianza kusahau akiwa na arobaini na minne. Mjomba Gildardo akafuata. Hapa Angostura ugonjwa huo tunauita bobera, na kila ukoo ulio nao unajua umri unaoanzia.

Rubiela ndiye aliyeongoza novena za wafu kwetu, siku tisa za rozari nyumbani kwa marehemu. Sala alizijua tangu utotoni. Kilichokuwa kipya kila msiba ni kimoja tu: jina.

Alipofariki mzee Eliécer, siku ya kwanza Rubiela alimwombea Horacio, tuliyemzika Februari. Watu wakakohoa. Siku ya pili akaandika jina kiganjani. Jasho likalifuta, akamwombea Horacio tena.

"Huyo Horacio keshafika mbinguni mara tatu," Nabor, mdogo wa marehemu, alinong'ona. "Kaka yangu bado yuko mlangoni, anabisha."

"Nyamaza, Nabor," mjane akamwambia. "Wewe umemwombea lini?" Lakini macho yake yalikuwa kwa Rubiela, aliyekuwa analia.

Kesho yake Rubiela alishinda akitembea, jikoni hadi uani, uani hadi jikoni, "Eliécer, Eliécer," kahawa ikachemka mpaka ikazima moto.

Alasiri, sebule ya mjane ikiwa imejaa, alimpa jirani yetu Edilma rozari yake.

"Ongoza wewe. Mimi nitaitikia."

"Dada Rubiela, mimi nitakosea sala."

"Kosea. Sala Mungu anazijua. Jina ndilo usikosee."

Akaja kuketi nyuma, karibu nami, akaitikia mpaka mwisho.

Njiani kurudi nilimuuliza, "Mama mdogo, umejua tangu lini?"

"Tangu Pasaka," alisema. "Padri alitufundisha wimbo wa mistari minne. Watoto waliushika siku ileile. Mimi niliuimba wiki sita, na kila Jumapili ulikuwa mpya."