Barua ya Sheikh Dirishani

Juzi, katika ofisi moja ya usajili wa magari mjini Ibra, mzee wa wilaya ya Dima wa Tayyin alitaka kuhuisha mulkiya, yaani kadi ya usajili wa gari lake, apate kumpeleka hospitali mkewe aliyekuwa akingoja nje garini. Karani akamdai bima. Mzee akatoa barua ya sheikh wa kabila lao: akimgonga mtu akafa, kabila zima litalipa diya, fidia ya damu.

"Ami, sheria inataka karatasi ya kampuni."

"Na hiyo kampuni itakuja kukaa matangani?"

"Haiji, ami. Hulipa tu."

"Basi hiyo ni nusu ya kazi."

Karani akajifuta uso. "Na bibi anangoja garini?"

Mzee akaikunja barua taratibu, akaenda kukata bima. Mimi niliyekuwa nyuma yake foleni, nilipokata bima yangu, sikuuliza lolote ila mahali pa kutia sahihi.