Fanksheni ya Daraja na Kahawa ya Mama Kapinga

Nilitoka Tabora kwa treni hadi Dar es Salaam, nikapanda basi hadi Songea, na Songea nikaomba nafasi kwenye lori la mbolea kwa sababu mabasi ya Mbinga yalikuwa yamekwama kwenye matope. Tulipofika Kitai, njiani, tulishuka wote tukasukuma. Nilifika kwenye ghala la kahawa la Mbinga nikiwa na tope hadi magotini, na mtu wa kwanza kuniona alikuwa Meneja.

"Wewe ndiye fundi wa kompyuta?"

"Ndimi, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Kanawe kwanza. Ile mashine inadeka kuliko bibi harusi."

Hiyo ndiyo siku yangu ya kwanza kazini. Nimehama miji mingi tangu hapo, nikatengeneza redio, simu, hata pampu za maji. Nikiulizwa nilianzia wapi kazi, husema Iringa. Mbinga siitaji.

Ilikuwa miaka ile soko la kahawa lilipofunguliwa. Zamani kahawa yote ilipita njia moja, ya ushirika. Sasa wanunuzi binafsi walikuja na mizani zao kwenye pikapu, wakanunua barabarani. Ghala letu lilikuwa la vikundi vichache vya wakulima, nalo lilijaribu njia nyingine: kijiji ambacho kahawa yake imesifiwa na mwonjaji kiuze mnadani Moshi kwa jina lake chenyewe. Iliyobaki ilimwagwa pamoja sakafuni, mahali palipoitwa lundo, ikauzwa bila jina. Kahawa ikishaingia kwenye lundo haitoki tena.

Aliyeamua ipi iende wapi hakuwa mtu. Meneja aliwahi kuona wanyapara wakibeba magunia ya shemeji zao upande mzuri, kwa hiyo akaweka sheria: kila gunia lina lebo iliyochapwa na kompyuta, PEKE YAKE au CHANGANYA, na mpagazi hufuata lebo. Kubishana na lebo kulikuwa sawa na kuomba barua ya kufukuzwa.

Programu iliyochapa lebo iliandikwa na Mhandisi, Mzungu wa kujitolea, kwa lugha ya Lisp. Hiyo ni lugha ambayo kila kitu hukaa ndani ya mabano. Kipande cha programu kinachopokea kitu na kurudisha jibu huitwa fanksheni, na Mhandisi alizipa fanksheni zake majina ya Kiswahili. Kubwa kuliko zote iliitwa *daraja*. Ukiipa jina la kijiji, inakujibu PEKE YAKE au CHANGANYA.

Vijana mnaofanya kazi hii leo mna mashine zenye kasi. Yetu ilikuwa nzito, na jenereta lilikunywa dizeli kama ng'ombe anywavyo maji. Kwa hiyo tulitegemea sana kompaila, yaani programu inayogeuza maandishi yetu kuwa amri za mashine. Mhandisi alinifundisha tabia zake tukiwa tumekaa juu ya magunia.

"Kompaila ana fanksheni anazozifahamu," alisema kwa Kiswahili chake cha kitabuni. "Kwa kila moja anakumbuka: inapokea vitu vingapi, vya aina gani, inarudisha nini, na je, inagusa kitu cha nje? Kama haigusi kitu cha nje, na anachopewa kinajulikana tayari, anaikokotoa mara moja tu, wakati wa kutafsiri. Anaweka jibu lenyewe. Fanksheni haiitwi tena."

"Kwa hiyo anakariri?"

"Anakariri. Ni mvivu mwenye akili. Lakini wewe ukibadilisha fanksheni, lazima utafsiri upya kila programu iliyokuwa ikiitumia. Yeye hatakuja kukuuliza."

Katika toleo la kwanza, *daraja* ilitazama jina la kijiji peke yake, kwa kuwa miaka yote vijiji vilivyomenya kahawa kwa mashine za mkono vilipata alama zilezile za chini. Mhandisi akaiorodhesha miongoni mwa fanksheni zinazojulikana kwa kompaila, na majina ya vijiji yalikuwa yameandikwa tayari ndani ya programu ya lebo. Lebo zikaanza kutoka haraka, Meneja akafurahi. Mkataba wa Mhandisi ulipokwisha akarudi kwao, akaniachia funguo.

Msimu uliofuata kikundi kimoja cha upande wa Litembo kilifunga mtambo wa kumenya kahawa mbivu. Mwenyekiti wake alikuwa Mama Kapinga. Walichanga mahindi, wakabeba mabomba mabegani kwenye njia ya miguu, wakaosha na kuanika kahawa yao pamoja. Mwonjaji akaisifu. Kwa mara ya kwanza ingekwenda mnadani kwa jina la kijiji chao.

Meneja akaniita. "Kijana, daraja lisitoke tena kwenye jina. Litoke kwenye ripoti ya mwonjaji. Malori yanafika kesho."

Niliiandika *daraja* upya. Nikaketi kwenye kibodi, nikaiuliza kwa mkono kuhusu kijiji cha Mama Kapinga. Ikajibu PEKE YAKE. Nikaiuliza tena, ikajibu vilevile. Kutafsiri upya programu ya lebo kungechukua asubuhi nzima, na jenereta lilikuwa na dizeli kidogo. Nilikuwa nimeliona jibu sahihi kwa macho yangu. Nikamwambia Meneja, "Tayari, mzee."

Programu ya lebo haikuiita *daraja* mpya. Ndani yake jibu la zamani lilikuwa limeshakaa mahali pa swali.

Kesho yake malori yalifika, na nilikuwa nakunywa chai wapagazi walipoanza kushusha. Mama Kapinga alisimama mlangoni na kanga yake ya kanisani, akiangalia magunia ya kijiji yakikatwa na kumwagwa sakafuni.

"Mnamwaga ili mpime?" akauliza.

"Mama, sisi tunafuata lebo," mpagazi akamjibu.

Nilipotoka, gunia la mwisho la kahawa yao lilikuwa linamiminwa kwenye lundo. Nilishika lebo moja. Sikuhitaji kuisoma mara mbili. Mama Kapinga alinitazama akisubiri salamu, nami nikageuka nikarudi ofisini, nikafunga mlango.

Meneja aliwaita wanakikundi akawaambia, "Kompyuta imekosea." Nilikuwa nimekaa pembeni yake. Nilitazama viatu vyangu.

"Basi kama ni kompyuta," Mama Kapinga alisema, "tumlaumu nani?" Wenzake wakacheka kidogo, kicheko cha watu wasiotaka kugombana.

Nilikaa ghalani hadi msimu mwingine. Nilitafsiri upya kila programu, nikaiondoa *daraja* kwenye fanksheni zinazojulikana, nikaijaribu lebo kwa lebo. Ilifanya kazi vizuri. Magunia ya kijiji kile hayakuja.

Nikapanda kwenda kwao. Mama Kapinga alikuwa akipalilia kwenye ngoro, yale mashimo ya kilimo cha mteremkoni, nyuma ya nyumba.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Leo umenisalimia."

"Mama, haikuwa kompyuta. Ni mimi."

"Tunajua, mwanangu. Kompyuta ingenikimbia mimi kwa aibu?"

Nikamweleza kwamba sasa programu ni nzuri, walete kahawa, jina litaandikwa. Akaendelea kupalilia.

"Tumemuuzia mtu wa Kitai. Anakuja na mizani yake mpaka mlangoni, hana habari na jina. Wanakikundi wamechoka. Mtambo tumeufunika maturubai."

Nilipoaga, aliniita, akanionyesha kwa mpini wa jembe njia iliyoteremka nyuma ya migomba. "Pita huku. Kule mbele vijana wamekaa, watakusema mpaka uchoke."

Kesho yake nilikabidhi funguo na kuteremka Mbamba Bay kungoja meli, kwa kuwa kwenye stendi ya Songea nilijulikana. Lakini siku niliyoondoka kweli ni ile ya jana yake. Niliifuata njia aliyonionyesha, nyuma ya nyumba zote za kijiji, na hakuna aliyeniona.