Bwawa Asilolitaja Shemeji

Nilihama mkoa bila kutoka uani: mkoa wetu uligawanywa, jana tulikuwa Arusha, leo tunaambiwa tuko Manyara. Kwa mtu wa kukaa nyumbani kama mimi, hiyo ilikuwa safari ya kutosha. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, na kazi yangu pale Getanuwas ilikuwa kusoma kitabu kisicho na jalada, nilichokiokota kwenye mitumba mnadani Katesh. Kilieleza wasomi wa zamani waliodai kwamba lugha ndiyo inayomkatia mtu njia za kuwaza. Baadhi yao walifika mbali zaidi: kisicho na neno, hakiwaziki. Nikameza yote.

Jioni moja mtamba wa baba, mwenye mimba ya kwanza, hakurudi. Wa mwisho kumwona alikuwa shemeji, mke wa kaka, aliyeolewa kwetu mwaka ule. Na mchana huohuo ndugu zake walikuwa wamepita kumsalimia, wakiswaga ng'ombe wao. Nikaunganisha mambo.

"Nilimwona kule kwenye maji, penye matete, wanakotua bata," alisema.

"Kule wapi? Pataje!"

Akarudia yaleyale: penye matete, wanakotua bata. Kwetu bibi harusi hatamki jina la baba mkwe wala la babu, wala neno lolote linalofanana nayo, na jina la bwawa lile lilifanana na la marehemu babu. Hilo nililijua tangu nikiwa mtoto. Lakini kitabu kilikuwa kimeniingia kichwani: tangu aolewe halitaji bwawa, basi halipo tena katika mawazo yake. Anatunga.

"Mama, anazunguka huyu," nikasema. "Muulizeni ndugu zake waliondoka na wangapi."

Shemeji aliinamisha kichwa. Ng'ombe asingeonekana, yeye ndiye angerudishwa kwao na jina la wizi. Mama akanitazama kama mgeni asiyesalimia.

"Amesema bwawani. Wewe umesoma mpaka umekuwa kiziwi?"

Baba alikwisha kushika fimbo. Shemeji akatangulia, hakuuliza njia hata mara moja. Mtamba alikuwa amenasa kwenye tope la matete, amechoka, mzima. Tulimvuta kwa kamba, na mimi nilianguka mara mbili.

"Shemeji," mke wa kaka aliniambia akifuta tope mikononi, "wewe unayelitaja bwawa hili kila siku, mara ya mwisho ulifika huku lini?"

Nilikuwa sijafika tangu darasa la tano.