Mjapani wa Ruangwa ameondoka bila kukubali kwamba nilimfunga

Siamini bado, na zaidi ya kutoamini, nimekasirika. Saidi, ambaye sisi wote tulimwita Mjapani, tumemzika jana kwao Ruangwa. Ameumwa wiki moja tu, akaondoka. Na ameondoka hajakubali kwamba nilimfunga.

Wengi mnaonifuata hapa hamkumjua, kwa hiyo ngoja niwaeleze mtu niliyehangaika naye.

Alikuja Nachingwea kukaa kwa shangazi yake ili asome sekondari. Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili kulikuwa na banda moja la gemu karibu na soko. Televisheni moja, pedi mbili, na foleni ya watu waliotumwa chumvi na mama zao tangu asubuhi.

CD yetu ya mpira ilikuwa ya Kijapani. Kila kitu Kijapani, kuanzia majina ya wachezaji mpaka setingi. Sisi tulikariri tu: mstari wa pili ni mechi, wa nne usiguse.

Saidi siku ya kwanza tu akasema yeye anajua kuisoma. Eti kafundishwa na mjomba wake, baharia. Ruangwa na bahari wapi na wapi? Lakini alisema kwa utulivu, na banda zima likamwamini.

Tulikoma. Ukimfunga, maandishi yakitokea kwenye kioo, anasogea, anapitisha kidole kutoka juu kwenda chini, halafu anakugeukia na sura ya huruma. "Inasema bao limekataliwa. Mpigaji alikuwa amechoka."

Mpigaji alikuwa amechoka. Na watu wazima wanatikisa kichwa kama wamesomewa hukumu mahakamani.

Siku nyingine uwanja umeloa. Siku nyingine kipa ana msiba. Akishinda yeye, maandishi ni yale yale, ila sasa yanasema hongera.

Halafu ikaja ile siku ambayo sitaisahau mpaka na mimi nizikwe. Mwenye banda aliandaa mashindano, zawadi jezi. Fainali ni mimi na Saidi, tukafika penalti. Kipa wangu akadaka ya mwisho na banda likalipuka kwa kelele. Yakatokea maandishi makubwa mekundu.

Saidi akasogea kwenye kioo. Nikamwambia, "Mtani, leo usisome."

Akasoma. "Inasema aliyefungwa kwa penalti ndiye anachukua, kwa sababu amevumilia zaidi."

Akapewa jezi yeye. Alikuja nayo mpaka shuleni, kaivaa ndani ya sare, kola imechungulia ili niione.

Shule ya jirani ilikuwa na mwalimu wa hisabati wa kujitolea, Mjapani halisi, aliyezaliwa hukohuko. Nilimbembeleza mpaka akakubali kuja bandani. Nikacheza hadi maandishi yale mekundu yakatokea tena. Akayatazama, akatabasamu, akasema kwa Kiswahili chake cha taratibu, "Imeandikwa, mshindi. Basi."

Nikadhani kesi imekwisha. Saidi akampisha mwalimu kiti, akamshukuru, kisha akawageukia watu. "Jamani, huyu ni Mjapani wa upande mwingine. Mmwera ukimpa barua ya Kihaya, ataisoma?"

Watu wakajibu hawezi, ataisomaje. Mwalimu mwenyewe alikuwa anaitikia kwa kichwa, kwa adabu tu. Nilitoka nje nikakaa juu ya tofali, nikashindwa hata kulia.

Tukakua, tukaja kufanya kazi pamoja kwenye ghala la korosho Ruangwa. Deadline ya ripoti ikimpita, anasema memo ya bosi ukiisoma vizuri inamaanisha wiki ijayo. Na bosi anamsamehe. Mimi nikichelewa kidogo napewa warning.

Kila harusi tuliyokutana nilimuuliza, "Saidi, nilikufunga, sikukufunga?" Jibu lake lilikuwa lile lile: "Mtani, mimi nilisoma tu kilichoandikwa."

Jezi sikuitaka tena, isingenitosha hata kidole. Nilitaka neno moja kutoka kinywani mwake: ulinifunga. Mtu mzima mwenye watoto, neno moja linamshinda.

Jana sasa. Familia yao na yetu ni watani tangu mababu, na mtani ana haki yake msibani. Jeneza lilipotaka kutoka nikakaa mlangoni, nikanyoosha miguu. Nikasema, "Hapiti mtu hapa mpaka akubali nilimfunga."

Watu walicheka, hata waliokuwa wanalia. Kaka yake akaniletea kuku, kama desturi ilivyo, ili niondoke. Nikamkatalia. Nikasema kuku nimewaacha wengi nyumbani, nataka neno.

Kisha nikasikia sauti ya mama yake kutoka chumbani kwa wanawake. Ilikuwa imekauka.

"Mtani, ulimfunga. Mimi mama yake nakubali, mwanangu ulimfunga. Haya, inuka, apite."

Saidi, sikiliza. Neno lenyewe ndilo hilo, nimelisubiri ujana wangu wote, na lilipokuja sikulitaka. Nililitaka kutoka kwako, ukiwa mzima, umenuna. Sikulitaka kutoka kwa mama anayemwombea mwanawe njia ya kwenda kaburini.

Nikainuka. Nikamjibu mbele ya watu wote, "Hapana, mama. Alisoma sawasawa."

Kisha nikaingia chini ya jeneza lako, tukakupeleka.

Lala kwa amani, mtani wangu. Jezi ilikuwa yako, na bado nimekasirika.