Tiki Moja Iliyomfanya Bimkubwa Mgeni

Saa tatu asubuhi, Kismayu, Somalia. Bajaji zinapiga honi nje ya kibanda, na fundi Mwanamwema Shuaibu ameinamia laptopu ya Abdulmalik, mwalimu wa madrasa.

"Nikisomesha kwa mtandao, wanafunzi wanasema sauti yangu inazama," analalamika mwalimu. "Naipandisha, inajishusha tena."

Mwanamwema hashangai. Anafungua mipangilio ya programu ya kupigia simu, anatafuta mstari unaoiruhusu irekebishe maikrofoni yenyewe, anaondoa tiki. Kisha anamwambia mwalimu asome. Mwalimu anasoma Alhamdu mpaka mwisho na sauti haishuki.

"Kiasi gani?" anauliza, mkono mfukoni.

"Hii silipishi, mwalimu."

Fundi huyu wa miaka 34, mzaliwa wa kisiwa cha Chula, kusini mwa mji huu, hutoza kazi nyingine zote. Hii hatozi, na sababu yake inauma.

Miaka mitatu iliyopita kaka yake, Idarus, aliomba hifadhi katika nchi moja ya Ulaya. Maofisa wa huko hawakuamini kwamba ni Mbajuni wa Somalia. Walishuku ametoka Kenya. Wakataka kumsikiliza mama yake Idarus, Bimkubwa, kwa kompyuta, wapime kama anasema Kibajuni, lahaja ya Kiswahili ya visiwa vya kusini mwa Somalia. Mwanamwema ndiye aliyeiwasha kompyuta hiyo.

Mazungumzo yalichukua dakika 22. Programu ilikuwa ikishusha maikrofoni bila kuambiwa, na kila iliposhuka mkalimani alisema, "Sikupati, mama, rudia."

Alimaanisha hamsikii. Mama akadhani hamfahamu.

"Niliona Kibajuni changu chawatatiza," anasema Bimkubwa, 67, akiwa amekaa mkekani nyuma ya kibanda cha bintiye. "Kwa adabu zangu, hikanena Kiswahili cha redio. Badala ya mchu, hikasema mtu."

Barua ilikuja baada ya miezi miwili: mama anazungumza Kiswahili cha Kenya, ombi limekataliwa. Mwanamke aliyezaliwa Chula, akaolewa Chula, akafiwa na mume Chula, alifanywa mgeni kwa ustaarabu wake mwenyewe. Inatia uchungu, tena inatia hasira.

"Nilikuwa nimekaa pale pale, nikilaumu mtandao," anasema Mwanamwema. Siku hizo kazi yake ilikuwa kubadilisha vioo vya simu tu. "Tiki hiyo nilikuja kuijua wiki moja baada ya barua. Ni kazi ya sekunde kumi. Sijajisamehe."

Idarus alikata rufaa, na Jumatatu ijayo mama atasikilizwa tena. Mwanamwema ameijaribu kompyuta siku tisa mfululizo. Kila alasiri humketisha mama mbele yake, wakafanya mazoezi. Anataka kitu kimoja tu, mama asikike alivyo.

Namwomba anionyeshe mazoezi hayo. Mwanamwema anakaza uso, anauliza kama ofisa: "Baba yake Idarus alikuwa nani?"

Bimkubwa anaweka buibui lake sawa, anaitazama maikrofoni. Sauti inatoka kubwa, safi, haishuki hata kidogo.

"Alikuwa mtu wa Chula," anasema.

Binti anafumba macho.

"Mchu, mama," anamwambia taratibu. "Sema mchu."