Mwenyewe Hajulikani

Ofisini walimwita Mara-Moja, maana kuandika kitu kimoja mara mbili kwake ilikuwa kama kuchomwa sindano. Orodha yake ya sokoni ilisema "kama juzi, ongeza chumvi". Siku za kuzaliwa za watoto wanne wa dada yake zilipokaribiana, aliwatumia wote ujumbe mmoja: "Heri kwa wanaohusika."

Alikuwa mtengeneza tovuti, kwenye chumba kilicho juu ya duka la vioo, chenye meza mbili na feni iliyogoma kugeukia upande wake. Mjomba wake alikuwa mwalimu mkuu, na ndiye aliyempa kazi ya tovuti ya shule.

Alianza na ukurasa wa vitu vilivyookotwa: masweta, chupa za maji, kiatu kimoja cha kushoto. Kila picha akaitengenezea fremu yenye pembe za mviringo na kivuli chepesi. Ndani ya maelezo ya fremu hiyohiyo akapachika mambo mengine mawili: utepe mwekundu ulioandikwa MWENYEWE HAJULIKANI, na mtikisiko mdogo kila mtu anapopitisha kipanya cha kompyuta juu ya picha.

Ikafuata picha ya mjomba, ya ukurasa wa kukaribisha wageni. Ilihitaji fremu ileile. Sasa, lugha aliyoandikia mitindo ya kurasa ina amri ya kusema hiki kirithi mtindo wa kile, mstari mmoja tu, kazi imekwisha. Akauandika. Alichosahau ni kwamba anayerithi fremu hurithi na vyote vilivyopachikwa ndani yake. Hakuangalia hata. Akaiweka tovuti hewani, akashuka kwenda kula.

Tonge la tatu, simu ikaita.

"Mwanangu, uko karibu na kompyuta?"

"Niko karibu na sahani, Mjomba."

"Sogea kwenye kompyuta. Mwenyekiti wa wazazi ananiuliza nimeokotwa wapi."

Akapanda ngazi mbiombio. Kweli, mjomba alikuwa pale, tai imenyooka, utepe mwekundu umemkata kifuani: MWENYEWE HAJULIKANI. Akampitishia kipanya. Mjomba akatikisika. Akampitishia tena, kuhakikisha, kisha akalaza kichwa mezani akacheka mpaka mbavu zikamuuma.

Huko shuleni, mke wa mjomba alikuwa ameshafika dirishani kwa karani, mkoba kwapani.

"Nimekuja kuchukua cha kwangu," akasema.

Karani, ambaye hakuwa na habari yoyote, akafungua daftari la vitu vilivyopotea. "Kikoje, mama?"

"Kina miwani. Usiku kinakoroma."

"Rangi?"

"Maji ya kunde. Utosini hakina kitu."

Karani akaandika yote kwa hati nzuri, akaenda kutafuta kwenye rafu.

Mara-Moja alimaliza marekebisho kwa dakika nane, mjomba akihema kwenye simu muda wote. Pembe na kivuli akavitoa, akaviweka kwenye fungu lao peke yao, ili mjomba na masweta wote waazime hapo. Utepe na mtikisiko vikabaki kwa masweta.

Ijumaa akaitwa shuleni. Alikwenda ameshajiandaa kusemwa. Mjomba akampeleka moja kwa moja mbele ya rafu ya vitu vilivyookotwa. Ilikuwa tupu, kasoro kile kiatu. Wazazi walikuwa wameifungua tovuti ili wamtikise mwalimu mkuu, na walipozunguka humo wakayaona masweta ya watoto wao.

"Vizuri," mjomba akasema, akafunga mlango na kushusha sauti. "Ile ya kutikisika. Inaweza kuwekwa kwa naibu wangu peke yake?"

"Inawezekana, Mjomba. Ila uniandikie barua, uweke sahihi."

Mjomba akaichukua kalamu. Akaishika kitambo, akamtazama naibu wake akipita dirishani na rundo la vitabu, kisha akairudisha kalamu mfukoni taratibu.