Mafuta Aliyopelekewa Mama Zamu

Fundi wangu akifungua kopo la mafuta ya kitani ya kupaka mbao, mimi hutoka nje. Yana harufu ya mbegu zilizokaangwa, na ndani yake kuna kitu kama samaki. Karakana ni yangu, nimeijenga hapa Nateete kwa mikono hii, na shule niliishia darasa la tatu. Tunatengeneza mbao za jikoni za mvule, zile ndefu za kuandalia chakula, za kubana ukutani, na wenye magari makubwa wanazingojea. Halafu wakifika nyumbani kwangu wanacheka: mbona wewe jikoni umemwaga saruji? Mimi huwajibu kwamba saruji haitaki kubembelezwa. Ninyi nitawaambia kweli.

Wakati wa utawala wa wanajeshi tulikaa mtaa wa Kisugu. Baba alikuwa koplo, dereva wa lori la jeshi. Wahindi walipofukuzwa alipewa nyumba moja kati ya mbili ambazo Mhindi mmoja alikuwa amewajengea wanawe bega kwa bega. Ya pili alipewa fundi wa magari ya polisi, baba yake Zamu, rafiki yangu. Nyumba zilikuwa mapacha hata jikoni: ubao mmoja mpana wa mvule kutoka kwenye sinki hadi mlangoni. Ila debe la mafuta ya mbao Mhindi aliliacha kwenye kabati letu.

Mama alizaliwa kwenye nyumba ya udongo. Ubao ule aliupenda kuliko sisi, nasema wazi. Kila Ijumaa kazi ilikuwa yangu: osha kwa maji ya uvuguvugu, acha ukauke, piga msasa kidogo, tia mafuta kwenye kitambaa, sugua kufuata nyuzi za mbao, ngoja unywe, kisha pangusa yanayobaki, la sivyo unanata kama ulimi wa ng'ombe. Kitambaa nikitandaze uani, nisikikunje, maana kikikunjwa huwaka moto chenyewe. Nikiacha duara la kikombe, napigwa kwa mwiko.

"Mbao inasahau?" Mama alikuwa akiuliza. "Haisahau. Na wewe usisahau."

Mama Zamu alikuwa akiomba mafuta yale, hata nusu kikombe. Mama alimjibu yamekwisha, huku debe likiwatazama wote wawili. Ubao wa kwao ukabaki wa kijivu, umepasuka kama kisigino.

Ijumaa moja, nimetoka kupangusa, akaingia mke wa meja mmoja. Alikuwa anatafuta nyumba. Mtaani tulijua maana yake: mke wa mkubwa akiipenda nyumba yako, wewe unaitwa kambini Makindye kuulizwa maswali. Nyumba ya chini ya barabara ilipatikana hivyo, na mwenyewe hajarudi mpaka leo. Yule mwanamke alipitisha kiganja juu ya ubao, polepole, kama anayepapasa ng'ombe wa kununua.

"Hii jikoni imetunzwa," akasema. "Kesho nakuja na mzee aone."

Gari lake lilipoondoka, Mama alifunga mlango. Baba alikuwa safarini Gulu na lori lake. Kisha Mama akamimina mafuta yote yaliyobaki kwenye kopo la maziwa ya unga, akanipa. "Peleka kwa Mama Zamu. Mwambie apake leo. Msaidie mpaka ung'ae."

Nilikimbia kwa furaha. Mama Zamu alipiga vigelegele. "Bannange! Leo mama yako amepona? Mkono yake ile ya chuma, nani amefungua?" Tulisugua watatu, mimi na Zamu na yeye, nami nikiwaelekeza kwa majivuno, "hapana, fuata nyuzi!", mpaka ubao ukawa mwekundu kama chai ya rangi na Zamu akaona meno yake humo. Nilipotaka kuondoka, Mama Zamu akanizuia. Kwetu chombo cha jirani hakirudi kitupu. Aliosha kopo, akalikausha, akalijaza sukari. Sukari, siku zile ambazo watu walinusa mifuko yake tu!

"Mwambia mama yako, sasa mimi ni dada yake."

Nyumbani nilikuta moshi. Mama ameweka sigiri yenye makaa mekundu juu ya ubao wetu, na panga mkononi. Alikuwa anaukatakata kama mwenye bucha. Nililia, maana mng'ao ule ulitoka mikononi mwangu. Akanizaba kofi. "Unalilia mbao? Ngoja, utapata cha kulilia." Akawaingiza kuku jikoni, wakalala humo.

Kesho yake meja alikuja na mkewe. Mke alisimama mlangoni, akaziba pua.

"Jana haikuwa hivi," alisema, sauti ya chini. 

Mama akanishika sikio, akanivuta mbele. "Ni huyu mjinga, mama mkubwa! Aliacha sigiri hapo akaenda kucheza. Na panga ni yeye." Akanipiga mbele yao mpaka pua ikatoka damu na mdomo ukapasuka, mpaka meja mwenyewe akasema, "Wacha, utaua mtoto." Ndipo Mama akasema, akihema: "Ya jirani ni kama hii. Na jirani anatunza."

Wakaenda kwa jirani. Baba yake Zamu alichukuliwa jioni hiyo, hata ovaroli hajavua. Hakurudi. Mama Zamu alihama na godoro kichwani. Alipita kwetu kuaga, akalia begani kwa Mama, akimwita dada. Mama alimpigapiga mgongoni. "Pole, nnyabo. Mungu yupo."

Kisha akapika chai, akatia ile sukari. Akaonja, akaongeza kijiko.

Mtoto haunganishi mambo. Nilijua nimepigwa kwa kosa lisilo langu, nikamchukia Mama kwa hilo tu. Nilishakuwa na watoto wangu, nikipaka ubao wa mteja, ndipo mkono uliposimama wenyewe. Apake leo. Kwa nini leo? Nikaenda kumuuliza, amekwisha kuwa bibi kizee. Hakukana.

"Baba yako alifia kitandani kwake," alisema. "Wewe ulitaka nani achukuliwe?"



Chai ile ya sukari ya Mama Zamu niliinywa yote. Sukari iliuma kwenye kidonda cha mdomo, lakini nilinyoosha kikombe niongezewe.